Vibao vya vinaili vinanyanyuka chumba cha chini ya ardhi: soma mgongo wa kibao kabla ya kufungua kopo la gundi

SWALI: Nyumba yetu ina chumba cha chini ya ardhi, sakafu yake ni zege. Miaka miwili iliyopita tuliiwekea vibao vya vinaili vya kubandikwa kwa gundi. Sasa vibao kama kumi na vinne vimeanza kuachia. Vingi viko kando ya ukuta wa nje, na hali huwa mbaya zaidi baada ya mvua. Viwili vya katikati ya chumba navyo vimeinua ncha, ukikanyaga vinalia. Fundi mmoja amenishauri ninunue gundi ya viatu, nipake, kisha niweke mawe juu. Je, hiyo inatosha, au nibandue sakafu nzima?

JIBU: Dada, gundi hiyo usiinunue, na sakafu nzima usiiguse kwanza. Kwa maelezo yako, naona kasoro mbili ndani ya chumba kimoja: ya ukutani ina sababu yake, ya katikati ina yake. Ukizitibu kwa dawa moja, moja itapona na nyingine itarudi. Kwa hiyo kubandika ni kazi ya baadaye. Sasa hivi unatakiwa kujua gundi ya zamani ilishindwa wapi, na habari hiyo utaikuta mgongoni mwa kibao.

Chagua kibao kimoja cha ukutani, kile kilichoachia kuliko vingine. Kipashe joto kidogo kwa draya ya nywele, ukiitembeza bila kuituliza mahali pamoja, kisha penyeza kikwanguo chembamba chini ya ukingo na uinue taratibu. Usikivute kwa pupa. Vibao vya kubandika kwa kawaida vina unene wa milimita 2 au 3 tu, na kikishavunjika mkunjo hakirudi kulala sawasawa. Kigeuze, kilaze kando ya pale kilipotoka, halafu washa tochi na uilaze karibu na sakafu ili mwanga upite kwa ubavu. Tazama mgongo wa kibao, kisha tazama zege.

Kama gundi yote imeng'ang'ania kibao na zege limebaki tupu, pitisha kidole juu ya zege. Kikitoka na unga, basi gundi ilibandikwa juu ya vumbi. Kama zege linang'aa au lina rangi ya zamani, gundi ilishika rangi na rangi ndiyo iliyoachia. Wakati mwingine utakuta ngozi nyembamba ya saruji imetoka pamoja na gundi. Hapo gundi haina kosa lolote, ni ile plasta ya kusawazishia iliyokuwa dhaifu.

Kama gundi iko kwenye zege na mistari ya mwiko wa meno bado imesimama kama matuta ya shamba lililotoka kulimwa jana, maana yake kibao hakikuwahi kuingia ndani ya gundi. Kiliwekwa ilhali gundi imekauka kupita kiasi, au hakikupitishiwa rola nzito. Matuta yaliyoshikana vizuri na kibao huwa yamelala na kupanuka, na mgongo wa kibao huwa na alama zake kila mahali.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo nahofia ndiyo yako ya ukutani: gundi imelainika, inavutika nyuzi kama ulimbo, imegeuka rangi, pengine inatoa harufu iliyovunda, na pembezoni mwa vibao kuna unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Maji yamepita ndani ya zege, yameyeyusha chumvi zake na kuzipandisha juu, kisha yenyewe yakakauka na kuziacha. Ukiuona, umemwona mwizi kwa macho yako.

Niruhusu nikae kidogo kwenye jambo hili la maji, kwa sababu ndilo linaloharibu sakafu nyingi za chini ya ardhi, na mafundi wengi hulipita haraka. Zege huonekana gumu na kavu, lakini ndani limejaa vinyweleo. Likikaa juu ya udongo wenye unyevu bila karatasi ya nailoni chini yake, mvuke hupanda usiku na mchana. Sakafu ikiwa wazi mvuke huo hutoka na kupotelea hewani, hata hujui kama upo. Siku unapoifunika kwa vinaili, ambayo haipitishi mvuke, unyevu hukusanyika chini yake hapo hapo palipo na gundi. Na unyevu hauji peke yake. Zege lina alkali kali. Likiwa jipya, pH yake, yaani kipimo cha ukali wa alkali, ni 12 hadi 13. Maji huibeba alkali hiyo hadi juu, na gundi nyingi haziwezi kuivumilia, huanza kugeuka kuwa kitu chenye utelezi kama sabuni. Ndiyo maana gundi iliyoshika vizuri mwaka wa kwanza inaweza kulainika mwaka wa pili bila mtu kumwaga hata kikombe kimoja cha maji.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliwahi kubandika upya vibao kumi na kimoja kwa mteja mmoja, kwenye chumba kama chako, bila kupima chochote. Nilikwangua, nikasafisha, nikapaka gundi nzuri, vikashika kama vimeota pale. Mvua zilipoanza, vikaachia vyote, na safari hii gundi iliyoyeyuka ilikuwa yangu. Nilirudia kazi ile kwa fedha yangu, na tangu hapo sibandiki kibao chini ya ardhi kabla ya kupima zege.

Kipimo cha kuanzia unaweza kukifanya mwenyewe leo. Pale ulipotoa kibao, kwangua gundi mpaka zege lionekane. Toa vya jirani pia mpaka upate uwazi wa kutosha, kisha weka kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 na uzibe kingo zote kwa utepe mpana usiopitisha hewa. Kiache kwa saa 16 au zaidi. Mimi hukiacha siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko lililo pembeni, unyevu unatoka chini. Matone yakiwa juu ya nailoni, hayo yametoka kwenye hewa ya chumba, na hilo ni tatizo jingine nitakalolieleza. Rudia kipimo katikati ya chumba ili ulinganishe.

Nailoni, hata hivyo, inakuambia habari za juu tu, na ikitoka kavu usishangilie mapema. Kipimo ninachokiamini ni cha kutoboa: tundu linaingia hadi asilimia 40 ya unene wa zege, kinawekwa kihisio, linazibwa, na baada ya saa 24 unasoma unyevu uliomo ndani. Kina hicho kimechaguliwa kwa sababu unyevu unaoukuta hapo unakaribiana na ule utakaofika kwenye gundi zege likishafunikwa. Namba utakayoipata ilinganishe na iliyoandikwa kwenye maelezo ya gundi unayotaka kununua. Zipo gundi zinazokoma kwenye asilimia 75 au 80, na zipo zinazostahimili hadi 90 na zaidi. Hakuna namba moja inayofaa gundi zote, kwa hiyo mtu akikuambia "zege lako ni kavu" bila kukupa namba, muulize amepimaje. Alkali nayo ipime kwa karatasi ya pH: dondosha maji yaliyosafishwa juu ya zege safi, subiri dakika moja, chovya karatasi. Kopo la gundi litakuambia kikomo chake, ambacho mara nyingi huwa kati ya 9 na 11.

Kwa kuwa hali yako huzidi baada ya mvua na iko kando ya ukuta wa nje, kabla ya kutafuta gundi toka nje uzunguke nyumba mvua ikinyesha. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Nimekuta mara nyingi bomba la mfereji wa paa linamwaga maji hapo hapo kwenye msingi, na nusu ya matatizo ya chumba cha chini yanatoka kwenye bomba hilo moja. Lirefushe lipeleke maji mita moja na nusu au mbili mbali na ukuta. Angalia pia udongo: unatakiwa kuinama kutoka nyumbani kwenda nje, karibu sentimita 15 katika mita tatu za mwanzo. Ukiwa umeinamia nyumba, kila mvua unaimwagilia sakafu yako. Mifereji iliyoziba isafishe. Kama baada ya hayo yote maji bado yanasukuma kutoka chini, yakichirizika kwenye kiungo cha ukuta na sakafu, hakuna gundi wala rangi itakayoyashinda. Hapo unahitaji mfereji wa ndani na pampu, na hiyo ni kazi ya mtu wa mifereji kabla ya mtu wa sakafu.

Na yale matone ya juu ya nailoni? Zege la chini ya ardhi huwa na ubaridi. Hewa ya joto ya nje ikiingia, inapoa juu ya sakafu na kuacha umande. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 16 na kitu, na zege la chini ya ardhi hufika hapo bila shida. Kwa hiyo siku ya joto na unyevunyevu, kufungua madirisha ili "kukausha" chumba ni kukiongezea maji. Funga, na utumie mashine ya kukausha hewa mpaka unyevu wa chumba uwe chini ya asilimia 50.

Sasa tuje kwenye ukarabati wenyewe. Nachukulia kwamba maji ya nje umeshayaelekeza kwingine, umeacha chumba kikauke kwa majuma kadhaa, na vipimo vimekubali.

Neno moja la tahadhari kabla hujashika kikwanguo. Ukikuta chini ya vinaili kuna gundi nyeusi kama lami, au vigae vya zamani vya mraba vya sentimita 23, simama. Vitu hivyo katika nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usivikwangue vikiwa vikavu, usivipige msasa, usivipitishie grainda. Peleka kipande kipimwe maabara kwanza.

Kama hakuna hatari hiyo, toa vibao vyote vilivyolegea na safu moja zaidi ya vilivyoshika, kwa sababu ukingo wa ugonjwa huwa mbele kidogo ya pale unapoonekana. Gonga kwa sarafu: penye gundi sauti ni fupi na nzito, palipoachia inasikika tupu. Zungushia chaki sehemu zenye sauti tupu. Nyuma ya kila kibao andika namba na mshale ili kirudi kilipokuwa. Kibao kinachogoma kutoka kipashe joto. Kikiendelea kugoma na unacho cha akiba, kikate katikati kwa kisu na ukitoe kutoka katikati kwenda pembeni, ili usijeruhi kingo za majirani.

Gundi ya zamani iondoe yote, kwenye zege na kwenye mgongo wa kibao. Hapa ndipo watu huchoka, na hapa ndipo kazi inaposhikia au kuharibikia. Gundi mpya juu ya gundi iliyooza haina pa kushika, na matuta ya zamani yataonekana juu ya vinaili kama mishipa. Tumia kikwanguo, joto na subira. Majimaji ya kuyeyushia gundi siyapendi, maana huingia kwenye vinyweleo vya zege, hukaa humo, na baadaye huishambulia gundi mpya kutoka chini. Mgongo wa kibao ukigoma kusafishika, tumia kibao kipya, ila hakikisha unene ni ule ule. Tofauti ya nusu milimita utaihisi kwa mguu mtupu.

Chumvi nyeupe isugue kwa brashi kavu ya waya, uvae barakoa, kisha ufyonze vumbi kwa mashine. Usiifagie, kwani fagio hulirusha vumbi na kulirudisha pale pale. Mashimo yajaze kwa plasta ya kusawazishia yenye asili ya saruji. Ya jasi huoza ikipata unyevu. Laza rula ndefu ya mita tatu: bonde lisizidi milimita 5. Mwisho dondosha matone matatu ya maji. Yakinywewa ndani ya dakika moja, zege linafyonza. Yakibaki yamesimama, halifyonzi, na mwiko wa kupakia pamoja na muda wa kusubiri vitabadilika. Maelezo ya gundi yanatofautisha hali hizi mbili, yasome kwa makini.

Kama vipimo vilikaribia kikomo, usibahatishe. Zege huparuzwa kwa mashine mpaka lipate mikwaruzo, kisha hupakwa epoksi ya sehemu mbili ya kuzuia mvuke. Si kazi ya brashi na dumu la rangi. Epoksi iliyopakwa juu ya zege laini au lenye vumbi hubanduka yenyewe pamoja na kila kilichobandikwa juu yake.

Vibao navyo vikae ndani ya chumba hicho kwa saa 48 kabla ya kubandikwa, joto la chumba likiwa kati ya nyuzi 18 na 29. Paka gundi ya vinaili iliyokusudiwa zege, kwa mwiko wenye meno ya ukubwa ulioandikwa kwenye kopo, tena mwiko mpya. Meno yakichakaa huacha gundi pungufu. Gundi nyingi za aina hii zinataka kusubiriwa. Zinapakwa zikiwa nyeupe, na zikiwa tayari huwa angavu. Gusa kwa kidole: ikinata lakini kidole kikitoka safi, weka kibao. Kidole kikitoka na gundi, subiri. Isiponata, umechelewa, ikwangue upake upya, usijidanganye kwamba itajirekebisha.

Kishushe kibao kwa kukilenga na majirani zake, usikisukumie ndani, kisha pitisha rola. Rola ya mafundi ina uzito wa kilo 45 na hupitishwa kwa urefu na kwa upana. Kwa eneo dogo kama lako rola ya mkono inatosha, ukiegemea kwa uzito wako wote na kurudia baada ya kama nusu saa. Mawe ambayo fundi alikuambia yana faida moja: yanazuia kingo zisiinuke usiku wa kwanza. Weka ubao tambarare kwanza, mzigo juu yake. Ukutani acha uwazi wa milimita 3 hadi 6 utakaofichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Usipite juu kwa saa 24, na makabati usiyarudishe kabla ya siku tatu.

Gundi ya viatu nimeikataa kwa sababu inashika papo hapo, hivyo kibao hukiwezi kukisogeza hata kidogo, na kiyeyushi chake hulainisha vinaili mpaka ikatoa mawimbi. Utepe wa kunata pande mbili nao huacha madoa na kingo huinuka tena. Kuingiza gundi kwa sindano chini ya ncha iliyoinuka nimewahi kufanya pale mteja alipokuwa na wageni kesho yake, na nilimwambia wazi kwamba ni ya muda.

Vile viwili vya katikati, ukikuta matuta ya gundi yamesimama na zege kavu, ni rahisi: ondoa, safisha, bandika upya. Lakini angalia kwanza kama vimeinuka vikiwa vimesukumana kichwa kwa kichwa kama paa la nyumba. Hiyo ni dalili ya vibao kukosa nafasi. Vinaili hutanuka ikipata joto, na jua la dirishani au hita iliyo karibu vinatosha. Punguza ukingo wa kimoja kwa milimita moja kwa kisu chenye makali, uone kama vinalala bila kulazimishwa, na dirisha hilo liwekee pazia.

Swali lako la kubandua sakafu nzima litajibiwa na sarafu. Gonga chumba chote. Kama sauti tupu ziko kando ya ukuta ule na pale katikati tu, karabati ya sehemu inatosha. Kama zimesambaa kila kona, au kipimo cha katikati kimetoka kibichi sawa na cha ukutani, basi vibao vilivyoshika leo vinasubiri zamu yao, na ni heri kuondoa vyote mara moja na kulitibu zege lote. Usikubali ushauri wa kutandaza sakafu ya kuungana bila gundi juu ya zege bichi ili kuficha tatizo. Ukungu utaota chini yake na utauvuta kwa pua kabla hujauona.

Alama zako za chaki zipige picha kabla ya kuzifuta. Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, subiri siku tatu au nne, rudi na sarafu, ugonge maeneo yale yale huku ukitazama picha.